Buku Mbili za Bakuli

Goli la tatu lilipoingia nilikuwa bado nimesimama. La nne liliponikuta, dakika nne tu baadaye, nikakaa. Ilikuwa tarehe 5 Novemba 2023, Simba yetu ikicheza na Yanga, kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Temeke: mabenchi ya mbao, televisheni mbili zilizopishana sekunde kadhaa, kwa hiyo waliokaa upande wa mlangoni walishangilia kwanza na sisi wa ndani tukawa tunasubiri habari mbaya ambayo tumeshaisikia. Mapumziko tulikuwa moja kwa moja. Kibu Denis alikuwa amesawazisha mapema, nami kwa furaha ya kijinga nikawa nimelinunulia benchi zima soda. Kufika dakika ya 87 Pacome Zouzoua anaweka mpira kwenye alama ya penalti, ubao unasoma Simba 1, Yanga 4, na kila mtu mle ndani anajua idadi ya vidole vya mkono mmoja.

Mjomba wangu, mtu wa Yanga, alikaa mabenchi mawili mbele yangu. Hakupiga kelele. Penalti ilipoingia aligeuka polepole, akaniangalia, akainua mkono wa kulia akaufungua kama mtu anayesalimia kutoka ng'ambo ya barabara. Vidole vitano. Akageuka tena kuangalia mpira.

Sikumjibu, maana deni lilikuwa langu.

Deni hilo, ambalo ndilo limenifanya nijiulize timu iliyoanguka inasimamaje, lilianza msimu wa 2018/19. Wenye kumbukumbu fupi hawataamini, lakini Yanga hii inayotembea leo kifua mbele iliwahi kutembeza bakuli. Ilikuwa imetoka kubeba ubingwa mara tatu mfululizo, mpaka 2016/17, kwa fedha za Yusuf Manji. Manji akajiuzulu uenyekiti Mei 2017, na mara ikaonekana kwamba klabu iliyoanzishwa mwaka 1935, yenye mashabiki kila kijiji cha nchi hii, haikuwa na pa kuchota mshahara bila mfuko wa mtu mmoja. Msimu uliofuata ikamaliza ya tatu, nyuma yetu na nyuma ya Azam. Kisha akaja Mwinyi Zahera, kocha Mkongomani, ambaye nadhani hakuna kocha katika ligi yetu aliyefanya kazi nyingi zaidi zisizomhusu. Mara anafundisha, mara anaeleza wachezaji wanadai miezi mingapi, mara anawaomba mashabiki wachange. Na wakachanga.

Mjomba alichanga buku mbili, shilingi elfu mbili, kwa simu. Najua kwa sababu alinionyesha ujumbe wa muamala, kwa fahari, kama mtu anayeonyesha risiti ya ada ya mwanawe. Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. "Mjomba, hiyo buku mbili inamlipa nani, mshambuliaji Makambo au anayefua jezi?" Akasema, "Cheka tu, mjomba. Nyumba ikivuja unaweka ndoo, huhami." Nikaondoka nikalisambaza neno hilo la ndoo kwenye kundi letu la wana Msimbazi, mashabiki wa Simba, na kwa miaka miwili kila Yanga alipofungwa mtu alimtumia picha ya ndoo.

Timu ile ya bakuli ilimaliza ya pili. Hilo sikulitilia maanani wakati ule, nilikuwa nahesabu makombe yetu. Tulichukua manne mfululizo, 2017/18 hadi 2020/21. Tarehe 12 Julai 2020 tuliwapiga nne kwa moja kwenye nusu fainali ya Kombe la FA na nilikuwa uwanjani kwa Mkapa, sauti ikanikauka siku tatu. Mwezi huohuo wakamtimua kocha wao Luc Eymael kwa maneno ya kibaguzi aliyowatolea mashabiki wao wenyewe. Akaja Zlatko Krmpotic, naye Oktoba akaondoka, hata hakumaliza miezi miwili. Kwetu yalikuwa maisha matamu.

Ndipo yakaja ya 2021/22. Yanga ikachukua ubingwa bila kupoteza mechi hata moja, na Kombe la FA juu yake, kwa penalti, baada ya sare ya tatu kwa tatu na Coastal Union pale Arusha. Mpaka leo ukimuuliza mtu wa mtaani ilikuwaje, atakujibu kwa majina ya Agosti 2021: kipa Djigui Diarra kutoka Stade Malien, Djuma Shaban kutoka AS Vita ya Kinshasa, Yannick Bangala kutoka FAR Rabat, Khalid Aucho Mganda, na Fiston Mayele, naye wa Vita. Kipa, beki wa kulia, beki wa kati anayeweza pia kucheza kiungo, kiungo mkabaji, mshambuliaji. Uti wa mgongo mzima ndani ya dirisha moja. "Dirisha moja tu," mjomba hupenda kusema, akionyesha kidole kimoja, maana siku hizi mazungumzo yetu yote yamekuwa ya vidole.

Sitaki kudharau dirisha lile. Nililiona kwa macho tarehe 25 Septemba 2021, Ngao ya Jamii, mechi ya kufungua msimu, sisi na wao. Kabla ya hapo ukiwabana Yanga kule nyuma, mpira unarudishwa kwa kipa, kipa anabutua, tunaupata tunaanza upya. Siku ile tukaenda kubana kama kawaida, mpira ukarudi kwa Diarra, na Diarra akaupokea kwa mguu kama kiungo, akainua kichwa, akaupitisha juu ya watu wetu watatu waliokwishapanda. Watu watatu nje ya mchezo kwa pasi moja ya kipa! Mayele alifunga mapema na mechi ikaisha hivyohivyo, moja bila. Mwaka ule watoto mitaani wote wakawa wanatetema kama yeye anaposhangilia goli, hata wa kwangu, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, jezi nyekundu mwilini.

Lakini hesabu inayoanzia Agosti 2021 ni ya mtu aliyefika shambani wakati wa kuvuna. Kiungo Fei Toto alitoka JKU ya Zanzibar mwaka 2018, mwaka wa bakuli. Beki Bakari Mwamnyeto alitoka Coastal Union 2020. Beki mwingine, Dickson Job, alitoka Mtibwa Januari 2021, dirisha dogo, na sikumbuki mtu wa Simba aliyekosa usingizi. Kocha Nasreddine Nabi alipewa timu Aprili 2021. Wale wa Agosti walikuta watu ndani ya nyumba na taa inawaka.

Usajili ulionipa wasiwasi mimi haukuvaa jezi kabisa. Agosti 2020 Senzo Mazingiza, Msauzi aliyekuwa mtendaji mkuu wetu Simba, alijiuzulu na mara akaonekana upande wa pili. Kwenye kundi letu walisema mwache aende, hafungi magoli. Mwaka huo Yanga walikuwa wamewaita La Liga, ligi ya Hispania, wawashauri jinsi ya kubadilisha uendeshaji wa klabu, mdhamini wao GSM akigharamia, na katikati ya 2021 wanachama wakapitisha katiba mpya. Nani anakaa kibandani kujadili katiba? Kipindi hicho hicho Simba tulikuwa tunajadili kama winga wetu Luis Miquissone anafaa zaidi kulia au kushoto.

Nina dhana yangu kuhusu mshahara, na msomaji anaweza kuikataa. Mwaka 2020 Yanga iliwachukua Tuisila Kisinda na Mukoko Tonombe kutoka Vita. Mwaka uliofuata kutoka klabu ileile wakaja Mayele, Djuma na Jesus Moloko. Mchezaji wa Kinshasa akipigiwa simu na klabu ya Dar es Salaam, naamini jambo la kwanza anampigia mwenzake aliyetangulia na kumuuliza kwa Kilingala swali moja: wanalipa? Wale wawili wa kwanza lazima walijibu vizuri. Ukilipa kwa wakati watu wawili, wanakuletea watatu. Na hapo ndipo naiona thamani ya fedha za GSM, kuliko kwenye bei ya mchezaji yeyote mmoja: zilizima bakuli. Mchezaji asiyewaza kodi ya nyumba anakimbia mpaka dakika ya 90.

Kuna kitu kingine ambacho mjomba hapendi nikikitaja. Msimu wa 2020/21, uliokuwa wa hovyo kwao, Yanga ilimaliza na pointi 74. Msimu wa 2021/22, wa maajabu, ilimaliza na pointi 74. Zilezile. Ligi ilikuwa imepunguzwa kutoka timu 18 hadi 16, kwa hiyo walizipata kwa mechi 30 badala ya 34, na hapo kuna kupanda kwa kweli, siwanyimi. Ila tazama upande wetu: sisi tulitoka pointi 83 tukaanguka hadi 61. Ukitoa zile mechi nne, bado tuliporomoka. Agosti hiyohiyo ya Diarra na Mayele, sisi tulimuuza Miquissone kwa Al Ahly na Clatous Chama kwa RS Berkane. Miguu miwili iliyokuwa ikitupa magoli iliondoka ndani ya mwezi mmoja. Oktoba tukafungwa tatu kwa moja nyumbani na Jwaneng Galaxy ya Botswana, baada ya kuwapiga mbili kwao, tukatolewa Ligi ya Mabingwa, na kocha Didier Gomes akaondoka.

Kwa hiyo ukiniuliza timu iliyoanguka inachukua muda gani kusimama, nami nitakuuliza jirani yake anafanya nini. Kwenye ligi ya farasi wawili, na Azam akiingia katikati pale anapoamka vizuri, nusu ya kupanda kwako ni kushuka kwa mwenzio. Yanga walijenga kwa bidii, sawa, lakini na sisi tuliwasogezea ngazi.

Wachambuzi wa redioni wana jibu lao moja kwa yote haya: subira. Mpe kocha muda. Nami niliamini hivyo, na mfano wa Nabi unaonekana kuwapa haki. Aliponzwa mapema: alitufunga moja bila Julai 2021, kweli, lakini wiki tatu baadaye tukamnyang'anya fainali ya Kombe la FA kule Kigoma kwa goli la Taddeo Lwanga, na Septemba Rivers United ya Nigeria ikamtoa Ligi ya Mabingwa kwa kumfunga nyumbani na ugenini. Mtaani kwetu walishamfungashia virago. Uongozi haukumgusa. Na hata Cedric Kaze, Mrundi waliyemfukuza ukocha mkuu Machi mwaka uleule, walimrudisha akawa msaidizi wake. Mtu aliyeondolewa kwenye kiti anarudi kupanga koni mazoezini chini ya aliyemrithi. Kwa Kaze inahitaji moyo, na kwa klabu inahitaji watu ofisini wanaoweza kusema tulikosea bila kuona aibu.

Basi subira. Halafu ukafika msimu wa 2024/25 ukanivuruga. Yanga ikaanza na Miguel Gamondi, ikamwacha Novemba baada ya kufungwa na Azam na kisha Tabora United. Akaja Sead Ramovic, Februari akaondoka zake kwenda Algeria. Akaja Miloud Hamdi. Makocha watatu msimu mmoja, idadi ambayo mwaka 2020 tungeiita msiba, na wakachukua ubingwa. Sisi tulikuwa na Fadlu Davids mmoja tangu Julai mpaka mwisho, tukamvumilia, tukampenda, tukawa wa pili.

Ndiyo maana siku hizi neno subira silitumii tena kirahisi. Kocha ni dereva. Gari likiwa zima, unaweza kubadilisha madereva njiani na bado likafika Morogoro. Likiwa bovu, hata dereva wa miaka 30 atalala nalo Chalinze.

Na kuna njia ya mkato ambayo nayo tumeiona. Singida United ilipanda ligi kuu 2017 na kelele zote: kocha Hans van der Pluijm aliyewahi kuchukua ubingwa na Yanga, wachezaji wa kigeni, wadhamini kifuani. Juni 2018 ikacheza fainali ya Kombe la FA, ikafungwa na Mtibwa Sugar. Miaka miwili tu baada ya fainali hiyo ilikuwa imeshuka daraja. Kujenga haraka haikuwashinda, walijenga haraka kuliko wote. Siku pesa ilipopungua hapakuwa hata na watu wa kuwatembezea bakuli. Hapo ndipo nilipoanza kuiwaza upya ile buku mbili ya mjomba.

Yetu sasa, nisijifiche. Baada ya mkono wa Novemba 2023, kocha wetu Robertinho aliondolewa ndani ya siku chache. Akaja Abdelhak Benchikha, akaondoka Aprili, akabaki Juma Mgunda kuzima moto kama alivyozoea. Tukamaliza wa tatu, pointi 69 sawa na Azam, wenzetu wakitupita kwa tofauti ya magoli, Yanga wakiwa na 80. Wa tatu! Kiwango kilekile cha Yanga ya 2018, isipokuwa sisi mishahara ilikuwa inaingia. Ugonjwa wetu ulikuwa mwingine: kikosi kilichozeeka kwa pamoja. Ukishinda miaka minne mfululizo kila mchezaji anakuwa ndugu, na ndugu hatolewi. Kila dirisha tulibandika kiraka kimoja kwenye shati lililochakaa lote. Nakumbuka nilivyokuwa nabisha kwa nguvu kwamba mshambuliaji wetu mkongwe John Bocco abaki mwaka mmoja zaidi, na mwaka uliofuata nikabisha hivyohivyo.

Katikati ya 2024 hatimaye shati likatupwa. Wakaja vijana, wengi wao majina tusiyoyajua: Jean Charles Ahoua, Joshua Mutale, Steven Mukwala, Debora Fernandes, kipa Moussa Camara. Chama, ambaye tulishamrudisha, akavuka akaenda Yanga, na siku ile kuna watu wazima niliowaona wanalia. Mwaka mmoja baadaye kikosi hicho cha wageni kwa wageni kilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Berkane ya Morocco walitupiga mbili bila kwao, marudiano yakafanyika Zanzibar tarehe 25 Mei 2025, Mutale akafunga mapema, uwanja wa Amaan ukatikisika, na kwa muda mrefu tuliamini. Tukasawazishiwa mwishoni. Ahoua akamaliza mfungaji bora wa ligi, magoli 16. Kwenye ligi tuliingia mechi ya mwisho na Yanga, tarehe 25 Juni, tukiwa nyuma kwa pointi moja tu. Msimu uliotangulia pengo lilikuwa 11.

Ukiangalia kasi peke yake, sisi tulipanda haraka kuliko wao. Miezi 12. Yanga, ukihesabu tangu bakuli mpaka kombe, walichukua miaka mitatu. Tofauti ni kwamba sisi tulipanda jirani akiwa amesimama imara, hakumuuza Chama wake wala Miquissone wake kwa wakati mmoja. Mechi ile ya mwisho walitufunga mbili bila, Pacome kwa penalti na Clement Mzize. Wakawa na ubingwa wa nne mfululizo, kama manne yetu.

Siku ile sikwenda kibandani, niliangalia nyumbani mlango umefungwa. Saa tatu kasoro usiku simu ikatoa mlio wa muamala. Nimepokea shilingi 2,000 kutoka kwa mjomba. Nikaiweka simu chini. Haikupita dakika ikaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeipata?"

"Nimeipata. Ya nini?"

"Ya bakuli," akasema, na nilisikia kibanda kizima nyuma yake kinaimba. "Lakini sikuweka ya kutolea. Hiyo utajitafutia mwenyewe."